Nilivyomtibu Mkwe Wangu Bila Kumwangalia

Nyinyi mnaotoka chuo cha uuguzi sasa hivi, nisikilizeni kidogo kabla hamjaanza kuomba uhamisho. Najua mlivyofundishwa: mgonjwa anaingia, unamhudumia, anatoka, basi. Hiyo ni hospitali ya mjini. Ukipelekwa dispensari ya kando ya ziwa, anayeingia mlangoni ni mwalimu wa mtoto wako, ni yule mama anayekuuzia sukuma wiki, ni mtu mliyekosana naye kanisani Sabato iliyopita. Utamdunga sindano asubuhi, na jioni mtakutana dukani mkinunua chumvi. Na siku moja, kama ilivyonipata mimi, ataletwa mkwe wako mwenyewe, na ugonjwa wake uko mahali ambapo mkwe hathubutu hata kupataja.

Hiyo siku nitawaeleza, lakini msiniharakishe. Nimestaafu, hakuna foleni nje.

Mimi huitwa Nyar Ndhiwa, yaani binti wa Ndhiwa, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa kabla ya kuolewa huku upande wa Muhuru Bay. Hilo ndilo jina la nyumbani. Kazini waliniita daktari. Nikisema, "Mimi si daktari, ni muuguzi," wananijibu, "Sawa, daktari." Nilibishana nao mwaka wa kwanza, nikachoka. Na nyinyi mtachoka.

Kazi yenyewe nilianzia karibu na kwetu Ndhiwa, kwenye kituo cha afya kilichokuwa chini ya Sista Prisca. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kutembea polepole na kuona kila kitu. Wakati huo tulikuwa tunachemsha sindano kwa sufuria juu ya jiko, na ukisahau maji yakakauka, Sista Prisca alisikia harufu akiwa hata choo cha nje. Sasa nyinyi mnafungua pakiti, mnadunga, mnatupa. Sina wivu. Kama kuna mtu anayeitamani ile sufuria, mpeni.

Siku moja ya soko kituo kilifurika. Mimi nilikuwa msichana mwenye bidii nyingi, nikawa napanga watu kwenye mabenchi kama mwalimu wa nasari. Kuna mwanamume mmoja alikuwa anatetemeka kwa malaria, na mama mmoja mzee aliyekuwa akikohoa. Nikawaambia, "Nyinyi wawili, ketini hapa." Mwanamume akakaa pembeni kabisa. Mama akabaki amesimama. Nikamwambia tena, kwa sauti ya juu, "Mama, keti, nafasi iko!" Akaangalia chini. Mwanamume akasimama, akatoka nje. Mama naye akatoka kwa mlango wa pili. Nikabaki na benchi tupu na kadi mbili mkononi.

Nikaenda kumshtakia Sista Prisca kwamba wagonjwa wa Ndhiwa wana kiburi.

"We msichana," akaniambia, "umemweka maro na mkwe wake bega kwa bega kwenye benchi moja, halafu unashangaa wamepona ghafla?"

Kwa wasiojua: kwetu Wajaluo, maro ni mama mkwe. Kati yake na mume wa binti yake kuna heshima kubwa. Hawakalii kiti kimoja, hawalali nyumba moja, wakiongea hawatazamani usoni. Kuona uchi wa mwenzako ni jambo litakalozungumzwa ukoo mzima mpaka wajukuu waoe. Mimi ni Mjaluo, hayo yote niliyajua tangu utotoni. Kilichonikosesha ni kwamba nilipovaa sare, nilidhani watu wamegeuka kadi. Sista Prisca alinituma kwa miguu niwatafute wote wawili na dawa zao, jua likiwa la utosi. Nilipowapata, kila mmoja alinipokea vizuri na kuniuliza habari za wazazi wangu, na hakuna aliyetaja benchi. Tangu hapo, kabla sijamwonyesha mtu pa kuketi, nauliza kwanza: umekuja na nani, na hapa ndani unamjua nani?

Huku ziwani nilikuja baada ya kuolewa, na huku nikakaa hadi nywele zikageuka. Dispensari yetu ina vyumba vichache na kisima cha pampu. Kuna vitu ambavyo hakuna mwalimu wa chuo atakayewaambia. Kwa mfano, msipange siku ya chanjo kwa kalenda peke yake. Omena, dagaa wetu wa ziwani, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Giza likiwepo, asubuhi wanawake wote wako ufuoni wanaanika, na wewe utakaa na chanjo zako ukihesabu nzi. Mwezi ukiwa mpevu mashua zinapumzika, na hapo utapata akina mama hadi uombe msaada. Mimi nilimweleza msimamizi wetu wa kaunti ndogo jambo hilo, akacheka, akasema sawa, Sista, tufuate mwezi. Alikuwa mtu mwelewa.

Na friji ya chanjo muilinde na maisha yenu. Zamani ilikuwa ya mafuta ya taa, inakohoa moshi kuliko wagonjwa. Baadaye tukaletewa ya sola, na ufuo wote ukasikia kwamba kwa daktari kuna baridi. Mwenyekiti wa kamati ya dispensari, mzee wa heshima, alikuja na mbuta mzima kwenye gunia, akaniomba amlaze humo hadi wageni wake wafike. Nikamwambia, "Mzee, huyo samaki ana kadi ya kliniki?" Akasema hana. Nikamwambia basi hawezi kulazwa. Alicheka hadi akasahau kukasirika, na hakuna aliyeleta samaki tena.

Sasa nije kwa Owino.

Owino ni mume wa Adhiambo, binti yangu wa kwanza. Ni fundi wa injini za mashua, kijana mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Wenzake hubeba injini wakiwa wawili. Yeye alikuwa anaitia begani peke yake na kutembea nayo ndani ya maji, watu wakimshangilia. Kumbe kubeba huko kulimletea henia, utumbo ukawa unachungulia kwenye kinena. Akiwa amesimama uvimbe unatokea, akilala unarudi. Angekuja mapema, ni upasuaji mdogo tu na kupumzika. Lakini angekuja kwa nani? Dispensari ni moja, na ndani yake yumo maro wake.

Basi akaficha. Alikuwa anamwambia Adhiambo anaenda Isebania kununua vipuri. Akifika Isebania anavuka mpaka hadi Sirare, upande wa Tanzania, ambako hakuna anayemjua, anamweleza mwenye duka la dawa, anapewa vidonge vya maumivu, anarudi na plagi moja mfukoni kama ushahidi. Adhiambo alinilalamikia mara nyingi kwamba injini za siku hizi zinakula plagi mno. Mimi nikakubali, nitajuaje mambo ya injini?

Asubuhi hiyo nilikuwa peke yangu. Mwenzangu alikuwa amehamishwa, na wa kuchukua nafasi yake hajaletwa. Mtalizoea hilo pia. Chumba cha kuzalisha nilikuwa na Robi, mama Mkuria kutoka mashamba ya mpakani, uchungu umeshika vizuri. Uzazi wake wa awali alivuja damu hadi akazimia, na nilikuwa nimemwambia mapema kwamba safari hii sitamtoa machoni. Mimi na Robi tulielewana kwa Kiswahili, kwa sababu Kikuria changu ni cha salamu tu.

Nikasikia kelele nje. Mafundi wawili walikuwa wamembeba Owino juu ya ubao wa mashua. Amejikunja, jasho linamtiririka, midomo imekauka. Alipoona ni mimi nimetokea mlangoni, maskini, alijaribu kushuka akimbie.

"Nirudisheni nyumbani," akawaambia wenzake. "Ni tumbo tu. Itaisha."

"Ni tumbo gani linalokufanya ushike suruali hivyo?" nikauliza. Mmoja wa mafundi akaninong'oneza, "Daktari, ni ile kitu ya huko chini. Imefura tangu alfajiri, na anatapika."

Nilijua inaweza kuwa nini. Utumbo ukinaswa kule ukakosa damu, unaoza, na mtu anaondoka akiwa bado anasema ni tumbo tu. Na kumgusa kwa nguvu hatakubali. Angejiburuta hadi nyumbani na kufia huko na heshima yake yote. Wengine mngemgombeza. Mngemwambia huu ni wakati wa sayansi, vua nguo. Na angewafia.

Nikasema, "Mlazeni nyuma ya pazia." Wakamlaza. Nikavuta pazia lote mpaka mwisho, nikaweka kiti changu upande huu, nikampa mgongo.

"Owino, mwanangu. Sikuoni na hunioni. Mimi nauliza, wewe jibu ukuta. Umesikia?"

Nikasikia, "Ndiyo, Mama."

"Uvimbe uko wapi?"

"Chini."

"Chini ni kubwa, Owino. Kulia au kushoto?"

"Kulia."

"Ukilala hurudi ndani?"

"Ilikuwa inarudi. Leo imekataa."

"Weka kidole juu yake taratibu, usisukume. Ni laini au ngumu?"

Nikasikia akivuta pumzi kwa meno. "Ngumu kabisa, Mama. Na inauma hata kuguswa."

"Tangu alfajiri umeenda haja?"

"La."

"Umetoa hewa?"

Nje majogoo walikuwa wanawika. Nikauliza tena, hakuna jibu.

"Yawa, Owino! Nimeuliza kama umejamba. Mwambie ukuta!"

Mmoja wa mafundi alicheka, akakimbilia nje na mkono mdomoni. Nyuma ya pazia sauti ndogo ikasema, "Hata kidogo, Mama." Mimi sikucheka. Hilo ndilo jibu nililokuwa naliogopa. Hewa haipiti, matapishi hayakomi, uvimbe mgumu usiorudi: sikuhitaji kuona kitu zaidi. Nilikuwa na uhakika kama niliyeona kwa macho.

Nikamwambia atoe mkono nje ya pazia. Ukatokea, mkono ule mkubwa. Mishipa ya watu wa ufuo ni minene, kuidunga ni raha. Nikaweka dripu, nikapitishia dawa ya maumivu na ya kuzuia maambukizi. Nikarudi kwa Robi, nikamkuta anasema, "Daktari, huyu mtoto anakuja." Nikampima. Njia bado kidogo, lakini kidogo sana.

Nikapiga simu ya ambulensi. Ilikuwa upande mwingine, imebeba mtu. Sasa hapa msikie vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu. Usikae ukiisubiri ambulensi. Tafuta gari lolote, na kabla halijaondoka piga simu hospitali unakompeleka, uongee na mtu wa chumba cha upasuaji mwenyewe, umpe habari kwa ufupi ili wakati gari linaingia lango kisu kimeshaoshwa. Nikapata pikapu ya wachuuzi wa samaki. Wakamwaga barafu, wakatandika godoro la dispensari. Hospitali ya Migori wakasema mleteni, tunangoja.

Adhiambo akafika mbio kutoka ufuoni, magamba ya omena bado yamemganda mikononi. Alimwona mumewe akiingizwa kwenye pikapu, akanishika nguo.

"Mama, twende! Keti mbele na dereva kama ni heshima, mimi nitakaa nyuma naye. Twende!"

"Siendi, nyathina, mwanangu. Utaenda wewe. Chupa hii ishike juu hivi. Usimpe maji hata akilia, hata tone. Akitapika mgeuze ubavu. Hospitali wanajua."

"Wewe ndiye daktari! Utamwacha afie njiani?"

Kutoka chumba cha ndani Robi akapiga kelele. Adhiambo akaangalia huko, akaniangalia mimi. "Huyo ni nani wako?" akauliza.

Mimi ni mama. Nilikuwa nimemwoza binti yangu kwa yule kijana, nampenda. Kama ningekuwa na mwili wa pili ningeuweka ndani ya ile pikapu. Lakini barabarani mimi ningefanya nini? Ningeshika chupa, na chupa Adhiambo anaweza kushika. Kwa Robi hakukuwa na mtu mwingine wa kusimama, na damu ya mzazi haisubiri mtu arudi. Nikasema, "Ondoa gari." Dereva akaondoa. Adhiambo alinitazama mpaka wakapinda kwenye kona, na macho yale yaliniuma kuliko kitu chochote nilichoona kazini.

Robi alizaa msichana baada ya muda mfupi. Na damu ikaja, vilevile kama nilivyohofia. Nikampa sindano ya kukaza mji wa mimba, nikasugua tumbo lake kwa mkono mmoja, nikaliita jina lake asilale. "Robi, niangalie. Robi, huyu mtoto tunamwita nani?" Akasema atafikiria. "Fikiria kwa sauti," nikamwambia. Nikasugua hadi mkono ukafa ganzi, na mawazo yangu yote yako kwenye barabara ya Migori, kila shimo nalihisi. Damu ikapungua, halafu ikakoma. Robi akaniomba chai yenye sukari nyingi. Mgonjwa akiomba chai, huyo amerudi.

Simu ya Adhiambo ilikuja jua limeshapita katikati. Alisema, "Wamemkata kipande cha utumbo. Yuko hai," akakata. Nilikaa kwenye ngazi ya dispensari nikalia kwa sauti, na akina mama waliokuja na watoto wao wakaniacha nilie. Nikafuta uso, nikaita anayefuata.

Owino alirudi nyumbani amekonda. Alipopata nguvu alikuja hadi kwenye dirisha la dispensari, akasimama nje amenipa mgongo kama inavyostahili, akasema, "Mama, ero kamano." Asante. Nikamwambia, "Injini ziache zibebwe na wawili." Akasema sawa. Kuhusu lile swali la hewa hatujawahi kuliongea, na hatutaliongea. Lakini kule ufuoni alisema, maana baadaye wanaume wakaanza kuja mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo, wengine ni mashemeji zangu kabisa, wanasimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya chini kama leo kuna pazia. Ninajibu liko. Wengi wao niliwapeleka kupasuliwa wakiwa wanatembea kwa miguu yao. Muuguzi mpya aliyeletwa, kijana mwanamume, aliniambia sasa yuko yeye na pazia halina haja. Nikamwambia angoje aoe hapa.

Adhiambo ndiye aliyenisumbua roho. Alikuwa ananisalimu, ndiyo, salamu za kumaliza wajibu. Kwangu haji. Nikimtumia unga anatuma asante kwa mtoto wa jirani. Sikwenda kumwomba msamaha, kwa sababu nilijua nilifanya kazi yangu, na kesho ikirudi nitafanya hivyohivyo. Lakini niliumia, siwafichi. Kuna jioni nilipika nikakosa hamu ya kula.

Halafu asubuhi moja ya mwezi mpevu, kliniki imejaa, nikaita anayefuata, na aliyeingia ni yeye, na tumbo limeshaanza kuonekana. Alikuwa amepanga foleni kama mtu yeyote. Nikajifanya mtu wa kazi.

"Fundi wako ana kazi nzuri," nikamwambia. "Mnaweza kwenda hospitali kubwa. Kuna madaktari, kuna vitanda vizuri, kuna kila kitu."

"Nilienda," akasema. "Walinipokea vizuri."

"Sasa?"

Akaweka mkoba wake chini. "Kule siwajui, Mama. Nikiwa katikati ya uchungu, akiletwa mtu wao, wa nyumbani kwao, sijui kama watabaki na mimi. Wewe nakujua. Mume wangu alikuwa anakufa mbele yako na hukumwacha Robi."

Nikamwambia apande kitandani, nikageuka kutafuta mashine ya presha, na kumbe ilikuwa mkononi mwangu.